Safari Inayovumilika

Jikoni mwa shule, Darlene Vrbka alikuwa akikata vitunguu vya kujaza runza, mikate ya nyama na kabichi, na machozi yake, kwa ushahidi uliokuwepo, yalitokana na vitunguu. Hakugeuka.

"Ukurasa wa thelathini na moja," alisema. "Umeandika vizuri, mwalimu. Hata mimi nimesoma nikakubali nifukuzwe."

Lorna Hruska, mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi ya Kettle Fork, yenye watoto arobaini na watatu na mpishi mmoja, alizichukua karatasi. Lilikuwa kabrasha la kikao cha bodi ya shule, ambalo kwa sheria hubandikwa hadharani siku tatu kabla. Ndani yake, kwa jina la Lorna mwenyewe, palikuwa na pendekezo la kuifunga Kettle Fork.

"Haya ni mazoezi yangu ya chuoni, Darlene!"

"Hata king'ora kikilia kwa mazoezi, watu hutoka nje."

Kwa miaka miwili Lorna alikuwa akienda chuo kikuu kila Jumamosi kutafuta cheti cha usimamizi mkuu wa wilaya ya shule. Cheti hicho kina utukufu wake: humpa mtu haki ya kulaumiwa na wilaya nzima badala ya shule moja. Profesa aliwaagiza waiandikie bodi barua ya kupendekeza shule ifungwe, wakitumia takwimu za kweli. Lorna akachagua shule yake, kwa kuwa takwimu zilikuwa kwenye droo yake. Ni kama mwanafunzi wa udaktari kuagizwa maiti, akaenda kumlaza mama yake mezani. Alipata alama zote. Kisha akaihifadhi barua kwenye folda ya bodi, kando ya ripoti ya mwezi, na katibu wa bodi, ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kusoma anachokibandika, akabandika vyote viwili.

Jioni ile ya kikao ukumbi wa michezo ulijaa kuliko siku ya fainali. Lorna alieleza kosa lake kwa sauti nyembamba. Mwenyekiti, Gaylen Stroh, mkulima wa mahindi, aliisikiliza hotuba yote huku amelivika goti lake kofia.

"Mwalimu, nikuulize kitu kimoja tu. Humu ndani kuna uongo?"

Kwenye safu ya pili, midomo ya Darlene ilisema bila sauti: sema kuna.

"Watoto wanapungua," Lorna alisema. "Mtambo wa joto umezeeka. Ni kweli."

"Basi mazoezi gani tena? Mimi naona mtihani umefaulu. Tupige kura."

"Subiri, Gaylen. Ukurasa wa nne wa barua." Lorna alifunua karatasi. "Niliandika watoto watapanda basi dakika hamsini mpaka Dunmore, na kwamba ni safari inayovumilika. Hizo hamsini nilizipima kwenye ramani. Hiyo 'inayovumilika' nimeitoa kichwani. Sijawahi kulipanda hilo basi."

Mtu alicheka nyuma. Hakukuwa na aliyemfuata.

"Una mpaka Alhamisi," alisema Gaylen. "Kapande."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, theluji ikiwa imefika kwenye vifundo vya miguu, Lorna alisimama langoni kwa Darlene, shamba la mbali zaidi, ambako basi huanzia, akilisubiri basi la wanafunzi wa sekondari liendalo Dunmore. Darlene alitoka na kifurushi cha koti, skafu na kofia. Ndani ya kifurushi mlikuwa na mjukuu wake Josie, miaka sita.

"Ulipima na ramani. Leo pima na huyu."

"Darlene, mtoto hana kosa."

"Ndiyo maana nakupa yeye."

Verl, dereva, alifungua mlango bila kuuliza kitu. Basi lilitambaa. Kila lango lilikuwa na mvulana mrefu asiye na haraka. Lorna aliandika: dakika ya kumi na mbili, shamba la tatu. Dakika ya thelathini, trekta mbele yao. Josie aliimba, akaacha, akahesabu nguzo za umeme hadi namba zikamwishia, akalala begani kwa Lorna, akaamka.

"Tumefika?"

"Bado kidogo."

Saa ya Lorna ilionyesha dakika ya hamsini na nne. Nje, mashamba meupe hayakuwa na dalili ya mji.

"Mwalimu," Josie alinong'ona, amebana magoti, "nataka kukojoa."

Katika kurasa zote saba zilizopata alama kamili, jambo hilo halikuwemo.

"Verl! Bado mangapi?"

"Malango manne, mama. Na daraja."

Lorna aliweka kalamu mfukoni. Aliushika mkono mdogo ndani ya glavu, na mkono ule ukamng'ang'ania. Mbele, katika mvuke wa kioo, taa ya lango jingine ilikuwa inawaka, na basi likaanza kupunguza mwendo.