Pumzi ya Clothilde

Oksijeni iliisha hospitalini wiki ya Pasaka, na mvua za Septemba zilianza haijarudi. Mitungi mitupu ilisimama nyuma ya jengo, wanafunzi wa udaktari wakianikia makoti yao meupe juu yake. Papa Dominique aliipita kila alipompelekea mkewe uji. Mama Pélagie alikuwa amelazwa na kifua, midomo imekuwa rangi ya majivu.

Papa Dominique alikuwa na kibanda mtaani Mangobo cha kuchajia watu simu, kwa sahani ya jua na betri ya lori. Binti yake Benie alisoma udaktari. Kwa kuwa hospitali haikuwa na vifaa, chuo kiliwafundisha kwa simu. Ndani ya simu mlikuwa na wodi safi na mgonjwa mmoja, Clothilde, wa wanafunzi wote. Ukiugusa mtungi wake kwa kidole, unafunguka, naye anapumua.

Mchana mmoja, baba yake akiwa ameleta uji, Benie alikaa kando ya kitanda cha mama yake akijizoeza, maana kesho yake ulikuwa mtihani wa mwaka. Alipougusa mtungi, upepo mwembamba ukatoka kwenye simu. Mama Pélagie akageuza uso akauvuta.

"Sogeza mpaka kwa pua," alisema muuguzi Leila, huku akiendelea kufunga kidonda cha mtu mwingine. "Betri iko ngapi?"

"Iko inaisha."

"Bon. Papa, unachaji simu za Mangobo muzima. Ya mutoto wako je?"

Papa Dominique akaenda kuing'oa betri ya kibanda. Mteja mmoja akamshika shati.

"Tonton, na simu yangu?"

"Ya kwako haina mugonjwa ndani."

Akaibeba betri kichwani mpaka wodini. Jua lilipopinda, midomo ya mama Pélagie ilianza kupata damu, na ya Clothilde ikaanza kugeuka majivu. Mtungi ulikuwa mmoja.

"Dokta," Clothilde aliuliza kutoka ndani ya kioo, "hewa yangu inaenda wapi?"

Papa Dominique, ambaye hakujua kuzungusha maneno, akajibu yeye. "Inaenda kwa bibi yangu."

"Iko na watoto?"

"Iko nao. Huyu ndiye wa kwanza."

Clothilde alifikiri. "Miye hawakuniandikia watoto," alisema. Akavua barakoa yake akaigeuzia upande wao.

Kwenye kitanda cha jirani alilala papa Bonheur, mvuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto, naye kifua kimembana. Aliinua mkono.

"Dominique, unigeuzie kidogo."

"Ngoja apate nguvu, papa."

Papa Bonheur akangoja. Alipoomba tena, Papa Dominique alisikia, wala hakugeuza. Alipogeuza, simu haikuwa na upepo tena.

Kesho yake darasa zima walifungua simu zao wakakuta kitanda kitupu na shuka lililokunjwa. Profesa alitazama simu moja, akatazama nyingine.

"Mugonjwa amekufa," alisema. "Donc mumeanguka wote."

Hakuuliza amekufaje. Chuo kiliomba mgonjwa mwingine, akatumwa jioni ileile, kijana mnene mwenye mtungi uliojaa. Ile mitungi ya nyuma ya jengo iliendelea kuanikiwa makoti.

Mama Pélagie alirudi nyumbani kwa miguu yake. Alikataa chakula mpaka Clothilde akaliwe matanga, kwa hiyo wakaiweka simu juu ya mkeka, majirani wakaja wakaketi. Mmoja aliuliza marehemu ni wa ukoo gani. Benie akasema hawakumwandikia ukoo.

Pumzi ya mama Pélagie iligharimu hivi: betri ya kibanda, ambayo haikushika chaji tena, mwaka wa masomo wa Benie na wenzake wote, Clothilde, na papa Bonheur, aliyeomba ageuziwe kidogo.