Kamio Iliyovuta Kushoto

Kamio ya Mgiriki, lori ambalo baba yangu alimwendeshea, ilivuta kushoto, na papa alirudi kutoka njia ya Buta mabega yamekufa kwa kushindana na usukani. Mipira ya mbele ilikuwa imelika upande mmoja. Mgiriki alimwambia kwamba ikilika mingine, kamio atapewa dereva mwingine, Zacharie.

Ijumaa asubuhi papa akaanza kuyanyoosha magurudumu uani kwetu. Aliinua kila gurudumu la mbele kwa kriki, akalizungusha, nami nikakwaruza mstari kwa msumari katikati ya mpira. Akalishusha. Tukapima kwa tete, unyasi mrefu mkavu, kutoka mstari hadi mstari, kwanza mbele ya magurudumu, halafu nyuma. Mbele panatakiwa pawe pafupi kidogo. Papa akalala chini ya kamio, akakaza chuma kinachoyaunganisha, mpaka tete ikakubali.

Akaiwasha kwa manivela, chuma cha kuzungushia injini, akaenda. Aliporudi alikaa kwenye usukani bila kushuka. Sasa ilivuta kulia.

Nilichukua tete nikapima peke yangu. Haikukubali tena, wakati hakuna mtu aliyegusa chuma. Nikafikiri sana kabla ya kusema, maana papa hapendi maneno akiwa amechoka.

"Papa, ukiishusha kwenye kriki, magurudumu yanasimama yametanuka. Mpaka itembee kwanza. Sisi tulipima palepale."

Aliifuta mikono yake yenye grisi. Kisha akasema, "Manivela siiwezi tena, mwanangu. Itembee kwa kusukumwa."

Wa kusukuma hawakuwapo. Wanaume wote wa mtaa walikuwa msikitini kwa sala ya Ijumaa. Papa alisali uani, akakaza upya, akangoja. Walipotoka, nilisimama njiani na aibu zangu, nikamwomba jirani yetu, tonton Abdulhamid, atusaidie kusukuma. Akatazama kanzu yake nyeupe, akampazia papa sauti kule uani.

"Yakubu, hii kamio yako iko inakula watu sasa?"

Papa akapanda, akashika usukani. Tonton na wenzake wakacheka, wakapandisha kanzu, wakaisukuma mpaka kwenye ukuta. Tukapima. Papa akakaza kidogo, wakairudisha nyuma na kuisukuma tena, wakilalamika. Safari hii tete ilikubali.

Tonton aliizungushia manivela. Kwenye njia ya Simi-Simi, mimi nikiwa kando yake, papa aliachia usukani. Kamio ikaenda moja kwa moja. Hakutabasamu.

"Basi, kesho Buta," alisema.

Nyumbani mama alimletea maji ya kunawa. Papa alisinzia mkono ungali ndani ya bakuli. Mama akautoa polepole, akaukausha kwa kitenge chake, akafunika pondu, kisamvu alichompikia.