Doa Jeupe Kwenye Kofia ya Mama

Nyumbani wananiita Msasa. Kazi yangu ni kupaka magari rangi, na kutwa nzima nasugua bodi, napuliza rangi, nanawa kwa petroli, kwa hiyo viganja vyangu vimekuwa hivyo unavyofikiri. Wanasema hata ulimi wangu unakwaruza. Sikatai. Mtu akinichokoza namjibu, na akinidanganya namjibu mara mbili. Lakini nikae sebuleni kwa mama yangu, nachekeshwa na kusifiwa, kumbe watu wote pale wananicheza shere, hilo sijalisamehe hadi leo.

Mama aliugua. Dawa alizowekewa kwenye mshipa zilimmaliza nywele, mwanamke aliyekuwa na nywele za kusukwa zikafika mgongoni. Kisha msimu wa baridi ukaingia, baridi ile ambayo hata ukifunga dirisha inakufuata kitandani. Siku moja nikamkuta amejifunga taulo kichwani. Taulo la kuogea, jamani, limefungwa kwa pini. Nikauliza kofia ziko wapi. Dada akasema za dukani zinamwasha, na yeye hajapata nafasi ya kumfumia.

Dada ni mkubwa wangu, ndiye anayeishi na Mama, na ndiye mwenye mikono ya sifa kwetu. Akishona pazia, majirani wataitwa waje waone. Akichemsha maji tu, utasikia yana ladha. Mimi tangu utotoni nikigusa kikombe naambiwa, "Weka chini, utavunja." Na anayeniambia ni Mama mwenyewe.

Basi nikaapa kofia hiyo nitaifuma mimi. Sindano za kufumia sikuwahi kuzishika, lakini nikaapa. Sikutaka sifa wala pongezi. Nilitaka Mama avae kitu kilichotoka kwenye mikono hii anayoisema kila siku, avae kabla hajafika pale ambapo mtu havai tena kofia. Hilo tu.

Pale gereji tuna mlinzi wa lango, tunamwita Kufuli kwa sababu kumtoa neno ni kazi. Aliacha sigara, mikono ikakosa shughuli, akaanza kufuma soksi na skafu akiwa zamu. Nikamfuata na uzi wa sufu wa kahawia, nikamwambia anifundishe. Akanitazama mikono, akaguna.

"Huo uzi umekuibia nini?" akaniuliza baada ya mistari michache. "Unaukaba sana. Legeza."

Nililegeza, vitanzi vikaruka. Nikakaza, sindano ikagoma kupita. Nilitukana ile sufu matusi ambayo hata mafundi wenzangu hawajawahi kuyasikia. Kufuli anafuma zake, haniangalii, anasema tu, "Rudi nyuma. Okota kitanzi ulichoangusha." Kila saa ya kula nilikuwa kibandani kwake, na wenzangu wakaanza kuniuliza harusi ni lini.

Kofia aliyonifundisha ni ile rahisi kabisa. Unafuma kipande cha mstatili kwa sindano mbili, unaanzia chini pale panapofunika masikio, unapanda hadi juu. Ukimaliza unakikunja, unashona ubavu, unapitisha uzi juu na kuukusanya kama mdomo wa mfuko. Kufuli akaniambia nianze kwa kumpima mwenye kichwa.

"Nikimpima atajua," nikasema. "Nataka iwe zawadi."

"Shauri yako."

Nikapima changu. Watu wote husema mimi na Mama kichwa kimoja, ukituona kwa nyuma hutujui nani ni nani. Nikazungusha uzi juu ya misuko yangu, nikafunga fundo hapo, nikaanza.

Siku za mwanzo mwanzo, nikiwa na mistari michache tu kwenye sindano, nilitoka kupaka pikapu ya mteja rangi nyeupe nikashika kazi yangu kabla sijanawa vizuri. Doa likabaki, kubwa kama ukucha wa kidole gumba, kwenye ukingo wa chini kabisa. Nilisugua kwa sabuni, kwa petroli, kwa mate. Wapi. Nilitaka kufumua yote. Kufuli akanizuia mkono. "Liache. Akiliona atajua kofia imetoka kwa nani."

Ijumaa jioni nikaimaliza. Ilikuwa imepinda kidogo, ubavuni kulikuwa na tundu nililoliziba kwa kijiuzi, lakini ilikuwa kofia. Nikaipitisha kwa Mama nikitoka kazini. Alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha. Nikampa Dada, nikamwambia, "Mpe akiamka. Mwambie nimefuma mimi, mkono wangu, mwanzo mpaka mwisho."

Dada akaigeuza huku na huku. "Umefuma wewe? Haya."

Hiyo "haya" yake ingenitosha kujua. Lakini nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha anakuwa mzembe.

Jumapili tukakusanyika. Mjomba alikuwepo, ndugu yake Mama wa pekee aliyebaki, na shemeji yangu, mume wa Dada. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini, na kichwani kofia ya kahawia. Nilisimama mlangoni kama mgeni.

"Msasa, kumbe ulikuwa unatuficha," Mjomba akasema. "Tazama kazi hii. Mashine haifanyi hivi."

"Na mimi nataka moja," shemeji akadakia. "Kabla bei haijapanda."

Mama akanishika mkono, akasema, "Ahsante, mwanangu. Ina joto." Nami nikacheka, nikakaa, nikajivuna. Nikaeleza hata habari za Kufuli. Ningejua, ningeuma ulimi wangu.

Kisha Mama akainama kuweka kikombe chini, na utosi wa kofia ukanielekea.

Juu kabisa, pale uzi unapokusanywa, kulikuwa na nukta nyeupe. Moja hapa, mbili kule, nyingine pembeni, zimetawanyika. Nikatazama ukingo wa chini. Msafi. Nikatafuta tundu langu la ubavuni. Halipo. Mistari imenyooka, vitanzi vimelingana, hakuna hata kimoja kilichokabwa.

Mnaelewa nilichokiona? Ukifumua kofia ya namna ile unaanzia juu, pale ulipomalizia. Uzi wa ukingo ndio unaotoka mwisho. Ukifuma upya kwa uzi huohuo, uliotoka mwisho unaingia mwisho, kwa hiyo wa chini unapanda utosini. Doa langu lilikuwa limehama kutoka sikioni hadi utosini, na likavunjika vipande njiani. Kofia yangu ilikuwa imefumuliwa yote, kitanzi kwa kitanzi, na mimi nilikuwa nimekaa hapo nasifiwa kwa kazi ya mtu mwingine.

Nikainuka taratibu, nikaenda jikoni. Dada alikuwa anasuuza vikombe.

"Umefumua kofia yangu."

"Punguza sauti."

"Sijaipandisha bado. Umefumua kofia yangu?"

Hakugeuka. "Nilikusaidia tu. Si wamekusifu?"

"Nilikuomba msaada? Nilikwambia neno gani Ijumaa? Nilisema mkono wangu, mwanzo mpaka mwisho. Wewe nyumba nzima ina alama yako. Mapazia yako, vitambaa vyako, mpaka mto anaolalia Mama ni wako. Mimi nilikuwa na kitu kimoja, Dada. Kimoja. Na chenyewe hukuweza kukiacha."

Nilitegemea anijibu, maana Dada naye si malaika, tukianza hatumalizi. Lakini akafunga bomba, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja, macho kwenye sakafu.

"Usiniulize mimi," akasema.

"Nimuulize nani?"

Macho yake yalikwenda sebuleni, na mimi nikayafuata.

Nikasimama katikati ya watu. "Mjomba, shemeji, rudisheni sifa zenu. Kofia hiyo sikuifuma mimi. Yangu ilikuwa imepinda na ina tundu, na imefumuliwa ili msione aibu. Miaka yote naambiwa weka chini utavunja. Safari hii sikuvunja kitu. Nimevunjiwa."

"Mwanangu, kaa kwanza," Mjomba akasema.

"Sikai."

"Mimi ndiye niliyemwambia aifumue," Mama akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayetaja saa. Nami nikahisi hasira yote niliyokuwa nimemwekea Dada inageuka na kumfuata yeye, mgonjwa, kwenye kiti, na sikuizuia.

"Kwa sababu ya doa? Doa lilikukera?"

"Dada yako alitaka kuukata uzi wenye doa. Nikamkataza. Nilimwambia auweke wote."

"Basi ilikuwa nini, Mama? Ilikuwa mbaya kiasi gani hata usiivae siku moja tu, nikuone?"

Akainua mikono, akaivua kofia. Sikuwa nimemwona kichwa wazi hata mara moja. Kila nikija kuna taulo. Kilikuwa kidogo, kidogo mno, na mifupa ya nyuma ya masikio imetokeza. Nikakumbuka nilivyozungusha uzi juu ya misuko yangu.

"Niliivaa," akasema. "Ikashuka mpaka hapa." Akagusa ncha ya pua. "Nikaomba kioo. Nikajiona nimebaki mdomo tu. Nikasema ukija Jumapili ukaniona hivi, utajua."

"Nijue nini?"

Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Mjomba alikuwa amejiinamia, mkono shavuni. Dada alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa mkononi.

"Dawa wamezisimamisha," Mama akasema. "Daktari anasema hazisaidii tena. Sasa ni za maumivu tu."

Nikawatazama mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kofia ilikuwa kitu kidogo.

"Mnajua nyote," nikasema. "Mjomba, unajua. Shemeji, hata wewe unajua, na ukanitania habari za bei. Mimi nakuja hapa nauliza dawa zinaendeleaje, naambiwa vizuri, naondoka. Mlikaa lini mkakubaliana? Nani alisema Msasa asiambiwe?"

"Wewe ukijua ungekwenda kumshika daktari shati," Dada akasema.

"Ndiyo, ningemshika. Halafu ningerudi nikae na mama yangu. Siku zote hizi nimekaa kibandani kwa mlinzi, napambana na sufu, wakati ningekuwa hapa. Mmeniibia, Dada. Kofia fumueni mtakavyo. Hizo siku nani atanifumia upya?"

Dada akaanza kulia. Sikumbembeleza. Sitasema uongo kwamba nilimhurumia, sikumhurumia. Mama alikuwa ameshika ile kofia mapajani, kichwa wazi, na upenyo wa dirisha ulikuwa unamwingizia baridi shingoni. Hakuna aliyeliona hilo ila mimi, na likanipandisha zaidi.

Nikamchukulia taulo, nikamfunga. Kisha nikamnyang'anya kofia, ndiyo, nilimnyang'anya, nikatafuta ncha ya uzi utosini, nikavuta. Ikaanza kufumuka. Mistari ile mizuri ya Dada ikaachia mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyethubutu kunizuia.

"Lete sindano," nikamwambia Dada. Akaleta.

Nikakaa sakafuni mbele ya Mama, nikakata kipande cha uzi, nikamfungua taulo ili nimpime. Ilibidi nimshike kichwa. Sijui mara ya mwisho kumgusa kichwa ilikuwa lini, pengine sijawahi. Ngozi ilikuwa baridi na laini, na kiganja changu juu yake kilisikika kikikwaruza.

"Mikono yako hiyo," akasema.

Nikaiondoa haraka.

"Nimesema uitoe?"

Nikairudisha. Nikaiacha pale muda, mpaka kichwa kikaanza kupata joto. Halafu nikazungusha uzi, nikatia fundo. Kipimo kilikuwa kifupi mno kuliko kile cha misuko yangu.

"Nina hasira, Mama," nikamwambia wakati naanza kuweka vitanzi. "Nina hasira na wewe kuliko na wote hawa."

"Kasirika," akasema. "Lakini legeza uzi."

Wengine wakatoka kimyakimya, Mjomba akamshika Dada bega. Tukabaki sisi wawili. Nilifuma nikiwa nimeuma meno, sindano zinagongana, sitazami pembeni, na kwenye mstari wa pili vitanzi viwili vikanichoropoka bila mimi kuviona. Yeye aliviona.

"Polepole," akasema. "Unaangusha vitanzi. Mimi siendi popote."

Nikamwambia asinidanganye tena. Kisha nikaufumua ule mstari, nikaanza upya.