Dobi Aliyewaachilia Wauaji

"Simameni! Mahakama Tukufu ya Chumba cha Kufulia, yenye mamlaka juu ya soksi zote, mashuka yote na binadamu yeyote aliyewahi kuyachafua, sasa inaanza kikao chake!"

Waliokuwa wamekaa wakasimama. Wengi walikuwa wima tangu mwanzo, kwa sababu viti vilikuwa vichache na kimoja kilikuwa na beseni. Hakimu akatokea nyuma ya kamba za kuanikia, amejitanda shuka ambalo bado lilikuwa linachuruzika. Akakanyaga kipande cha sabuni, na kiti chake cha enzi akakifikia kwa makalio.

"Mahakama imeteleza," alisema mwendesha mashitaka. "Iwekwe kwenye kumbukumbu."

Dobi alicheka kuliko wote. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ya kupigia pasi, ambayo leo ilikuwa kizimba, na alikuwa amevaa shati jeupe lenye kola iliyokaushwa kwa wanga hadi ikasimama kama ubao. Hajawahi kutokea duniani mshitakiwa aliyependeza vile, wala aliyefurahia kushitakiwa vile.

Mchezo wenyewe ulitoka kwake. Kila Jumamosi alasiri, wanafunzi wa bweni walipokuja kuchukua nguo zao, walikuta na picha. Pazia hakuna, umeme hakuna. Picha ilitoka kinywani mwa Dobi. Ujanani alifanya kazi katika sinema ya mjini, jengo ambalo sasa ni ghala la saruji, na bado alizikumbuka zile picha za kesi na mauaji, za enzi ambazo damu ilikuwa nyeusi kama wino na watu walikufa na kofia zao kichwani. Alizisimulia huku akipiga pasi. Muuaji akinyata, pasi ya mkaa nayo ilinyata juu ya suruali. Hakimu akigonga nyundo, pasi ilishuka juu ya kitako chake cha chuma: kwa! Cheche zikaruka, na wavulana wakaruka nazo.

Kila mmoja alikuwa na kipenzi chake. Kuna aliyependa ile ya mpelelezi kilema aliyemtambua muuaji kwa namna alivyofunga kamba za viatu. Kuna aliyeapa kwamba hakuna kama ile ya mjane aliyekuja mahakamani na kasuku. Walibishana hadi nguo zikapoa. Lakini wote walikubali kwamba mfalme wa picha zote ni *Fundi Saa*.

Katika hiyo, fundi saa anashitakiwa kwa kumuua ndugu yake. Mashahidi wote wanataja saa ileile. Mwishowe fundi anachoka, anakiri kosa ambalo hakulitenda. Hakimu anachovya kalamu aandike hukumu ya kifo, na ndipo wakili, aliyekaa kama bubu picha nzima, anasimama. "Mheshimiwa, mji huu wote husawazisha saa zake kwa saa ya mahakama. Na saa ya mahakama inachelewa." Fundi huru. Kwa!

"Mshitakiwa," alianza mwendesha mashitaka, akiwa ameshika kijiko cha kukorogea wanga. "Hiyo picha ya *Fundi Saa* uliitazama?"

"Mara nyingi kuliko nilivyokula nyama, mjukuu wangu."

"Mimi niliitazama likizo iliyopita kwa mjomba. Wakili hasimami." Alizunguka kizimba taratibu, kama alivyofundishwa na Dobi mwenyewe. "Fundi ananyongwa. Picha inaishia dukani kwake, saa zinanyamaza moja baada ya nyingine. Na yule mjane wa kasuku? Kifungo cha maisha. Na yule kilema wako alimkamata mtu mwingine kabisa! Mheshimiwa Hakimu, mzee huyu anashitakiwa kwa kuwaachilia huru wauaji, kwa makusudi, kwa mdomo wake, kila Jumamosi."

Chumba kililipuka. Dobi naye alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia njiani.

"Sasa..." Alipapasa kola yake. "Kazi yangu ilikuwa mlangoni, wanangu. Nachana tiketi, naruhusiwa kusimama nyuma. Lakini kabla ya mwisho bosi ananigusa bega: toka ukafungue milango, watu wasije wakakanyagana. Basi mwisho nilikuwa nausoma kwenye nyuso zao wakitoka. Nikajaziliza."

"Miaka yote hiyo hukuwahi kuona mwisho hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na ukawaachia wote!"

"Walitoka na nyuso zimechoka," alisema Dobi. "Ningewanyonga kwa faida gani?"

"Njia ya mwongo fupi, Babu!"

"Nusu Picha! Mzee Nusu Picha!"

Jina likamganda palepale. Wadogo walilipokea kwa makofi, wakubwa kwa kugonga mabeseni, na mtu aliyekuwa mfalme wa Jumamosi akabaki anapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Bado," alisema mwendesha mashitaka. "Shitaka la pili."

Akaingiza mkono katika rundo la nguo chafu, akavuta kitu kirefu cheusi, akakikunjua. Lilikuwa joho la Mkuu wa Shule. Mgongoni palikuwa na tundu lenye umbo la pasi, kingo zake kahawia.

Hapo hakuna aliyecheka. Joho lilipotea tangu mwanzo wa wiki, kutoka humohumo kwa Dobi, na mahafali yalikuwa kesho. Naibu Mkuu alikwisha kumwambia mbele ya wapishi: lisipopatikana salama, afunge virago, na kile chumba nyuma ya jiko akiache wazi. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda na ndoano ya kutundikia koti. Mkewe alifia mle. Kwingine pa kwenda hakuwa napo.

Ukweli ni huu. Joho lilichukuliwa na hakimu pamoja na wakili wa utetezi, wapate vazi la mazoezi ya kesi yao tukufu. Likakunjamana. Wakalinyoosha bwenini kwa pasi ya umeme, kitu kilichopigwa marufuku kwa adhabu ya kufukuzwa shule. Wakaanza kubishana juu ya mpira. Harufu ndiyo iliyowakumbusha. Kisha wakalizika katika rundo la Dobi, maana kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo alikuwa nazo nyingi. Mwendesha mashitaka alilikuta humo mchana huo, asijue aliyelizika.

Wakili, ndani ya koti la mvua lililomfika visiginoni, alimsogelea mteja wake.

"Babu," alinong'ona, "ni sisi tuliounguza."

Dobi alimtazama, kisha akalitazama tundu. "Najua si pasi yangu."

"Wewe kiri tu, kama fundi saa. Itakuwa tamu! Mwishoni nitasimama niseme ukweli wote, halafu kesho asubuhi tunamwendea Naibu wenyewe. Haki ya Mungu."

Mtu mwingine, akiwa ametoka kuambiwa kwamba fundi saa alinyongwa, angejifikiria mara mbili. Dobi hakujifikiria. Aliuamini mwisho wake mwenyewe kuliko ule wa kweli.

Akanyoosha mgongo. Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, na sauti yake ikawa ile ya Jumamosi, ile iliyowahi kuwanyamazisha watoto wenye njaa. "Ni mimi. Mkono ulichoka, pasi ikabaki mahali pamoja, kama mawazo ya mzee. Niliposhtuka, joho la mkubwa wangu lilikuwa linatoa moshi. Nikaogopa. Nikalificha chini ya uchafu wa watoto, nami nikajificha nyuma ya uongo. Sina utetezi."

Hata hakimu, aliyekuwa anaujua ukweli, aliinama mbele kumsikiliza.

Dobi akageuka kumtazama wakili. Alisubiri akiwa na tabasamu dogo pembeni mwa mdomo, kama mtu ambaye leo, kwa mara ya kwanza, bosi amesahau kumgusa bega.

"Kumbe."

Naibu Mkuu alikuwa mlangoni. Kelele za mabeseni ndizo zilizomleta. Alitembea katikati yao, akalichukua joho kwa vidole viwili, akapitisha ngumi yake katika tundu, upande huu hadi upande ule.

"Endeleeni. Au kesi imekwisha?"

Shuka la hakimu lilidondosha maji. Tone. Tone.

"Mwalimu, huu ni mchezo tu," alisema Dobi. "Waulize. Wakili wangu bado hajasema."

"Ahaa, ana wakili!" Naibu alimgeukia yule wa koti la mvua. "Haya, wakili msomi. Una la kusema?"

Wakili alisimama nusu.  Alifikiria pasi iliyofichwa chini ya godoro, mtihani wa mwisho, na uso wa baba yake. Alikuwa na maneno tayari. Alikuwa ameyafanyia mazoezi, hata ishara za mikono.

"Sina, Mwalimu."

Akakaa.

 Dobi akainua pasi yake, akairudisha kwenye kitako chake cha chuma polepole mno, isitoe mlio.

"Umenipunguzia kazi, Babu," alisema Naibu. "Kabla hujaondoka, litie kiraka. Ukimaliza, funguo niachie mezani."

Asubuhi ya mahafali Mkuu wa Shule alivaa joho lake, na kiraka kilikuwa kimeshonwa kwa namna ambayo hakuna mgeni aliyekiona. Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya barabara. Wanafunzi walipofika getini, mlinzi alikuwa ameshughulishwa na magari ya wageni, na geti lilikuwa wazi kiasi cha mtu mmoja kupenya. Wakaanza kusukumana.

Dobi alikuwa pale na furushi lake, anasubiri kukaguliwa. Aliliweka chini. Akalivuta geti hadi mwisho, akasimama kando yake, mgongo wima, kola imesimama. Hakuna aliyemtuma. Wakapita mbele yake darasa baada ya darasa, naye akawa anautazama kila uso, mmojammoja, kwa makini.

"Nusu Picha!" alinong'ona mmoja, na wenzake wakajiziba midomo.

Wakili alikuja nyuma ya wote. Shati lake lilikuwa jeupe, limenyooka. Usiku lilikuwa limeletwa kitandani kwake pamoja na nguo za wengine, mikono imekunjwa kifuani. Alipita akiwa ameinamia viatu vyake.

Viatu vyangu. Haya, mmenishika.

Nilipofika ng'ambo niligeuka. Alikuwa bado amelishikilia geti, anatazama ndani, na hapakuwa na mtu mwingine wa kutoka.