Si Mbaya Sana

Machinjio yetu ya nguruwe yalipofungwa, ofisi ya ajira ilinipeleka kusomea ukarani wa zahanati, mimi na miaka yangu hamsini na sita. Kwanza wiki moja ya majaribio, kisha Ijumaa Daktari Krogh, mwenye zahanati, angeamua kama nipewe nafasi ya mafunzo au nirudi kwenye foleni. Wa kumshauri alikuwa Signe, karani mkuu, binti wa Copenhagen, mdogo kuliko mwanangu.

Wiki nzima alinisahihisha. Nachapa kwa vidole viwili. Najibu simu kama ninayedai nguruwe wangu. "Tabasamu, mzee Verner. Linasikika hata kwenye simu." Huku kwetu Jutland, mashambani magharibi mwa Denmark, mtu akikutabasamia asubuhi ujue anataka kukuuzia kitu.

Ijumaa, saa ya simu za wagonjwa, akapiga Ejnar Toft, aliyekuwa msimamizi wangu machinjioni.

"Verner? Wamekuweka hapo kama pambo?"

"Wameniweka. Una nini?"

"Ah, si mbaya sana. Nisikupotezee muda. Nipe siku yoyote."

Nikampa Jumanne. Kwetu mwanamume haulizwi mara mbili. Ni kama kumvua nguo mbele za watu.

Signe alikuwa amesikia. "Anaumwa nini?"

"Amesema si mbaya sana."

"Sikuuliza amesemaje."

"Binti, huyu alikuwa msimamizi wangu, namjua tangu hujazaliwa."

"Na siku mashine ilipokukata hicho kidole, ulimwambiaje huyo unayemjua?"

Nikautazama mkono wangu wenye vidole vinne. Nilimwambia Ejnar si mbaya sana, kisha nikaanguka miguuni pake.

Nikampigia tena, masikio yakiniwaka.

"Ejnar, una nini hasa?"

"Loo! Umekuwa mkunga sasa?"

"Sema, bwana. Sikati simu."

"Kikombe kinaniponyoka tangu alfajiri," akasema. "Mkono wa kushoto umekufa ganzi. Na Karen anasema mdomo wangu umekwenda upande."

Signe alikuwa ameshashika simu ya pili, anaita gari la wagonjwa. Mimi nikabaki na Ejnar, tukitukana bei ya nyama, mpaka nikasikia mlango wake ukifunguliwa.

Mchana daktari akaniita. Ni kiharusi, ila Ejnar yu hai. Mkono wake bado haijulikani. Nafasi sikupata, kwa sababu ya ile Jumanne niliyompa. Miezi mitatu mingine ya majaribio, chini ya Signe.

Nikarudi kaunta.

"Imekuwaje?" akauliza Signe.

"Si mbaya sana."

Akavuta kiti, akakaa, akanikazia macho. Simu ikaita, akaiacha iite.

"Imeniuma," nikasema mwishowe. "Imeniuma, na nina hasira ya kuweza kuitupa kompyuta hii dirishani."

"Haya," akasema. "Sasa pokea simu."