Mjane wa Saa Nne Asubuhi

Kila Jumatatu, kabla hajawasha jiko, Sabra alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nje ya duka la Girish mjini akasoma magazeti ya kufungia vitumbua alivyouza. Girish, muuza redio na runinga, aliyanunua kwa ajili ya bei za bidhaa, na akishayamaliza alimpa Sabra. Sabra aliishia darasa la saba, lakini hakuwahi kufunga kitumbua kwenye ukurasa ambao hajausoma. Aliona si adabu.

Ukurasa wa burudani ulikuwa wa Athanas. Athanas alikaa Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kuangalia tamthilia mpya na kuzipa nyota. Wiki hiyo alikuwa ameandika habari za tamthilia ya Hafidha, mjane wa Uluguru anayefukuzwa shambani na ndugu za marehemu mumewe. Aliipa nyota nne kati ya tano. "Hatimaye tumeonyeshwa ukweli wa milimani," aliandika. "Shamba ni la mume, na mume akifa linarudi kwa ndugu zake. Ndiyo desturi ya Waluguru tangu mababu."

Sabra aliisoma sehemu hiyo mara tatu. Kwao, juu ya Kinole, ardhi ni ya ukoo wa mama, ambao wenyewe huuita lukolo. Mwanamume akioa, yeye ndiye anayepandisha mlima na jembe lake begani, anakuja kulima kwa mkewe. Baba yake Sabra alikuja hivyo. Alilima miaka ishirini, akafa, wakaja ndugu zake wakamchukua kumzika kwao. Mama yake alifariki mwaka juzi, akazikwa palepale shambani, chini ya mikarafuu aliyoipanda kwa mikono yake. Shamba likabaki kwa Sabra. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa hapakuwa na la kuuliza.

"Girish, hebu soma hapa."

Girish alivaa miwani, akasoma. "Huyu Uluguru kaiona kwenye dirisha la basi, tena upande wa jua," alisema. "Dada Sabra, washa jiko. Watu wana njaa."

Siku tatu baadaye alikuja Abdulmajid, mdogo wake baba yake Sabra. Alikuwa amevaa koti. Mkononi alishika ukurasa uleule wa Athanas, ameutia kwenye plastiki ngumu kama cheti cha shule.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hili umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Basi hatuna ugomvi. Lile shamba la kaka yangu nimeshalipeleka barazani. Wanatusikiliza Alhamisi ya wiki kesho."

"Shamba la mama, baba mdogo."

"La mama hiyo ilikuwa zamani, mwanangu, ya kusema kwa mdomo. Hii imeandikwa. Tena ina tarehe." Akachukua vitumbua vinne, akaondoka navyo akila.

Sabra alichana karatasi ya daftari akamwandikia mhariri. Alieleza habari ya lukolo, ya jembe na ya mikarafuu, akaweka jina lake na jina la mama yake. Jumatatu iliyofuata alilifungua gazeti kabla ya kufungua kitu kingine. Athanas alikuwa amejibu kwa mstari mmoja, chini kabisa, karibu na tangazo la dawa ya panya: "Baadhi ya wasomaji bado hawajaelewa sanaa."

Sabra alikunja ukurasa ule akauweka kwenye pindo la khanga. Siku ile vitumbua vilifungwa kwenye karatasi za michezo tu.

Jumanne saa nne asubuhi, kwenye marudio, Hafidha alitoka kwenye runinga. Kulikuwa na runinga kubwa kwenye dirisha la duka, imegeuziwa barabarani. Ndani yake shemeji zake walikuwa wanamtupia masufuria nje. Aliokota moja, akalitazama, akaliweka chini, akapandisha mguu, akatoka. Alikanyaga boksi la pasi za umeme na kusimama mbele ya jiko la Sabra.

Girish alitoka mbio. "Dada, boksi hilo! Na hicho kioo mbona umekiacha wazi? Upepo unanijazia vumbi dukani."

"Samahani, kaka," alisema Hafidha. Akarudi akaufuta upepo kwa kiganja, kama mtu anayefuta ukungu wa dirisha, na kioo kikatulia. Ndani shemeji zake waliendelea kugombana na mahali alipokuwa amesimama.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amepakwa wanja mwingi kuliko mjane yeyote wa Kinole. Nembo ya kituo ilielea juu ya bega lake la kulia, nyekundu, ndogo kama nzi. Akizungumza, maandishi meupe ya Kiingereza yalipita kiunoni kwake. Sabra alimpa ndoo akae, akampa na kitumbua.

"Nimesikia wewe ndiye uliyeandika barua," alisema Hafidha.

"Mimi. Umeisikia wapi?"

"Watu wa kituo walikuwa wanaisoma kule, wanacheka. Mimi nimefukuzwa mara tano sasa, na kila marudio nafukuzwa tena. Waliniambia lia, nikalia. Hakuna aliyeniuliza shamba ni la nani." Akatafuna kidogo. "Ni la mama yangu. Nalijua tangu kipindi cha kwanza."

"Alhamisi nina kesi," alisema Sabra.

"Tutakwenda."

Kila baada ya robo saa Hafidha alikata maneno, uso ukang'aa, na kwa sauti nyingine tamu akaisifu sabuni, kisha mafuta ya kupikia, kisha sabuni tena. Dakika nne zikipita alirudi palepale alipoachia. Wateja walizoea. Mama mmoja aliuliza kama ile sabuni inafaa kwa sare za shule.

Alhamisi walipanda pikipiki mpaka zinapoishia, wakamaliza kwa miguu. Baraza la ardhi lilikaa kwenye ukumbi wa matofali wenye madirisha yasiyo na vioo. Mwenyekiti alikuwa Mzee Sufiani, mtu wa pwani aliyehamia huko kwa biashara ya iliki. Abdulmajid aliweka ukurasa wake mezani. Mzee Sufiani aliupiga ukurasa kwa kucha, ukalia.

"Kielelezo kizuri," alisema. "Hakichafuki."

Mjomba Nasibu, kaka yake mama yake Sabra na mkubwa wa ukoo, alisimama akataja wanawake saba waliolima shamba lile mmoja baada ya mwingine, kuanzia bibi wa bibi. Hakukosea hata mmoja.

"Kuna maandishi?" aliuliza Mzee Sufiani.

"Kuna makaburi."

"Makaburi hayawezi kuletwa mezani, mzee mwenzangu. Shahidi mwingine."

Hafidha alisimama. Watoto waliokuwa madirishani walisogea wapate kusoma kiuno chake.

"Una kitambulisho cha taifa?"

"Sina."

"Ulizaliwa wapi?"

"Kipindi cha kwanza."

Karani aliandika. Mzee Sufiani alimwashiria aendelee.

"Mimi ndiye mjane anayesemwa kwenye hiyo karatasi," alisema Hafidha. "Anayenisifia kwamba nimefukuzwa kwa haki hajawahi kuniuliza. Desturi hiyo haipo. Waliitunga mezani, wakanivika khanga, wakaniambia nenda ukafukuzwe. Naomba baraza liandike kwamba shamba la Uluguru halitoki kwa..."

Hapo uso ukang'aa. Akaanza kusema kwamba kuna sabuni inayotoa doa la utomvu wa ndizi bila kusugua.

"Ni matangazo, mzee," Sabra alisema haraka. "Dakika nne tu. Anarudi."

Mzee Sufiani alitazama saa yake, akatazama wingu lililokuwa linashuka mlimani. "Shahidi ametoka nje ya hoja," alisema. "Aliyetoka nje ya hoja amemaliza." Akasoma hukumu ikiwa imekwishaandikwa, shamba ni la upande wa mume kwa mujibu wa kielelezo namba moja, akapiga mhuri. Hafidha aliporudi, karani alikuwa anafunga kalamu.

"...kwa mume," alimalizia Hafidha. Hakuna aliyeandika.

"Binti, hukumu umeisikia?" aliuliza Mzee Sufiani.

"Nimeisikia vizuri, mzee," alisema Sabra. "Kesho napanda maharage."

Abdulmajid alicheka. "Utapanda kwenye shamba la watu?"

"Napanda kwa mama yangu, baba mdogo. Nawe karibu. Njoo na jembe, kama alivyokuja kaka yako."

Watu wa madirishani walicheka mpaka Abdulmajid akavua koti.

Kesho yake walianza kulima. Mvua za vuli zilikuwa zimelainisha udongo. Sabra alichimba, Hafidha akadondosha mbegu tatutatu na kufukia kwa mguu. Hakutoka jasho, na wanja haukumtoka. Abdulmajid alifika, akasimama kwenye mpaka wa chini akiwa na hukumu yake, nayo sasa ameitia plastiki, akaisoma kwa sauti kuanzia juu hadi kwenye mhuri. Akimaliza alianza upya. Wao walifika mwisho wa tuta wakageuka.

Saa nne na nusu Girish alipiga simu.

"Dada Sabra, mko kwenye tivii."

"Sisi?"

"Nyinyi. Na huyo baba yako mdogo na karatasi yake. Hapa dirishani pamejaa watu mpaka barabarani. Inua kichwa kidogo, wanaona mgongo tu."

Sabra hakuinua. Mbegu zilikuwa zinasubiri. Ikawa hivyo wiki nzima. Mjane alikuwa huku, basi picha ilikuja huku, na tamthilia ikaishia shambani, kwa wanawake wawili wanaopanda na mwanamume anayesoma.

Jumatatu Sabra hakushuka mjini. Girish alimpa dereva wa pikipiki gazeti, nalo likafika juu limelowa pembeni. Sabra alikaa kando ya kaburi la mama yake, akatafuta ukurasa wa Athanas. Hafidha aliendelea kufukia.

"Kasemaje?"

"Katoa nyota moja."

"Moja?"

"Anasema mwisho wameuharibu. Anasema hakuna mwanamke wa Uluguru wa namna hiyo, anayeambiwa toka akabaki analima. Haaminiki." Sabra alisogeza gazeti jua lipate kuangaza. "Na mimi kaniandika. Anasema yule msichana wa jembe kaigiza vibaya, anaonekana kabisa hajawahi kushika jembe."

Hafidha alisimama akanyoosha mgongo. "Kwa hiyo hatupo."

"Hatupo."

"Wote wawili?"

"Wote."

Kule chini Abdulmajid alifika kwenye mhuri, akameza mate, akarudia kuanzia juu. Karatasi ilikuwa yake, na ilikuwa halali. Sabra alilikunja gazeti, akalitandika juu ya mbegu zilizobaki zisipigwe na jua, akalishika jembe.

"Tuta lile la mwisho ni la nani?" aliuliza Hafidha.

"La bibi wa bibi."

"Basi tuanze na lile."