Mlango Mpya wa Seva ya Kenyamonta

Seva iliyotunza vibali vya chama cha wafugaji ilikuwa Kenyamonta, fundi wake, Nice, alikuwa Kemambo, na mvua ilikuwa imekata barabara. Tangu asubuhi wezi wa mtandaoni walikuwa wanagonga mlango wa seva hiyo, yaani namba ya kuingilia, na Nice aliamua kuuhamishia kwenye namba nyingine kutoka kwenye kompyuta yake. Akikosea, angejifungia nje, na kesho wafugaji wangefika mnadani bila vibali vya ng'ombe wao.

Aliandika namba mpya, akakagua faili lote la mipangilio, akaiwasha upya huduma. Haikulalamika.

"Basi toka, dada, unamaliza bando," alisema Mwikwabe, fundi mwenzake.

"Sitoki. Baba yako akijenga zizi jipya, anabomoa la zamani kabla ng'ombe hawajaingia?"

"Mzee wangu? Thubutu! Anamwingiza kwanza fahali mmoja, yule mkaidi. Akilala humo, ndiyo anabomoa."

"Basi ngoja fahali wangu."

Kwenye kompyuta aliliacha dirisha la kwanza likiwa bado limeunganishwa na seva, akafungua la pili, akajaribu kuingia kwa namba mpya. Kimya. Mwikwabe akashika kichwa.

"Tumekwisha!"

"Umekwisha wewe."

Nice alirudi dirisha la kwanza akaliona kosa: faiwoli, mlinzi wa seva, alikuwa hajaambiwa habari za namba mpya. Akairuhusu kwa amri moja, akajaribu tena. Safari hii seva ikamkaribisha kwa jina.

Ndipo akaifunga namba ya zamani.

"Fahali amelala," alisema, akatuma vibali vikachapwe Kenyamonta.